Kujua Kusimama ni Sehemu ya Kuponya



Kati ya vyombo vilivyobuniwa ng'ambo ili kupambana na kisukari na unene uliopita kiasi, kimoja chastahili tukitafakari. Kiliitwa EndoBarrier, kazi ya kampuni ya GI Dynamics ya Marekani. Ni mfuko mwembamba wa plastiki, ulio wazi pande zote mbili, wenye urefu wa sentimita 60. Daktari huupitisha kinywani akiongozwa na kamera, bila kupasua tumbo, kisha huushikiza kwa ndoano ndogo za metali penye mwanzo wa utumbo mdogo. Chakula hupita ndani yake pasipo kugusa ukuta wa utumbo. Nyongo na maji ya kongosho hupita nje yake, na vyote hukutana mwishoni. Baada ya muda usiozidi miezi 12, mfuko hutolewa kwa njia ileile.

Wagonjwa wengi walipungua uzito, na sukari katika damu yao ikashuka. Kwa mtu aliyechoshwa na maradhi ya miaka mingi, hilo si jambo dogo. Ulaya iliruhusu chombo hiki mwaka 2010. Marekani ilidai kwanza utafiti mkubwa, ambamo wengine waliwekewa mfuko na wengine walifanyiwa tendo la kuiga tu, ili ukweli ujulikane. Mwaka 2015 utafiti huo ulisimamishwa kabla ya kukamilika, kwa kuwa wagonjwa 3 au 4 hivi katika kila 100 waliowekewa mfuko walipata jipu ndani ya ini. Mwaka 2017 chombo kikapoteza kibali chake Ulaya pia.

Madaktari kadhaa wa Uingereza hawakuridhika. Walihesabu wagonjwa wao wenyewe, wakasema faida ilizidi madhara. Hoja yao ina uzito: kisukari kisichotulizwa huharibu macho, figo na miguu, na kumnyima mgonjwa tiba nako kwaweza kumgharimu maisha.

Hata hivyo, naona waliosimamisha utafiti walitenda haki. Mgonjwa anayekubali kujaribiwa hupima hatari aliyoelezwa. Hatari kubwa zaidi ikijitokeza katikati ya safari, ukubali wake wa mwanzo hautoshi tena. Kanisa nalo, katika Katekisimu, namba 2295, halikubali mwanadamu atiwe katika hatari isiyolingana na faida, hata kwa ajili ya elimu. Tena kusimama hakukuwa kuzika. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu utafiti mpya, uanze na wagonjwa wachache, na usalama wao uchunguzwe kabla ya kuongeza wengine. Mwenda pole hajikwai.

Kwa nini niwaandikie ninyi habari hii ya mbali? Kwa sababu sokoni kwetu, na hata redioni, mnasikia kila siku juu ya unga na maji ya chupa yanayosemwa kuponya kisukari kabisa. Wanaopona hutajwa kwa sauti kuu. Walioharibika ini au figo, nani amewahesabu? Chombo kile kilihukumiwa kwa sababu watu walikaa wakaandika madhara yake, moja baada ya jingine, ijapokuwa kulikuwa na fedha nyingi za kupotea. Dawa isiyohesabiwa madhara haithibitiki kuwa salama kwa sababu tu hakuna aliyelalamika.

Basi, mama mkubwa au jirani akiwaambia kwamba ataacha vidonge au sindano zake kwa ajili ya dawa mpya, msimcheke wala msimkemee. Msindikizeni kwa muuguzi au daktari kabla hajaacha chochote. Upendo kwa mgonjwa huanzia hapo.

Kwa mazungumzo ya kundi: Je, sisi tunaposhuhudia uponyaji, tunathubutu kuwataja pia wale ambao hawakupona? Na tukiisha kuona madhara, tunao moyo wa kusema, «Tusimame kwanza»?