Jezi mgongoni, mbwa mbele: Mchezo wa usiku unaoweza kumlaza dogo jela miaka 20

LIGI ikisimama, vumbi la viwanja vya Kishapu halitulii. Zinaanza ligi za mbuzi, zinafuata bonanza za ng'ombe, na mtaa unakutana na mtaa mpaka jua linazama. Lakini kwenye vijiji vya kanda hii ya almasi na dhahabu kuna mchezo mwingine ambao hauna mwamuzi, hauna jukwaa na matokeo yake hayatangazwi na mtu. Vijana wanachukua mbwa, tochi na marungu, wanaingia vichakani kusaka digidigi, sungura na nungunungu.

Wengi wao wanauona kama mazoezi tu. Mguu uleule uliokimbia dakika 90 unamalizia kazi porini, na ikipatikana nyama, timu nzima inakula. Tatizo ni kwamba mchezo huu una sheria kuliko soka, na kadi yake nyekundu haikutoi kwenye mechi moja. Inaweza kukutoa kwenye maisha ya soka moja kwa moja.

VIJANA WENYE MBIO, LIGI HAIPO

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linafika kwenye kurasa za michezo, angalia kilichozikuta klabu za kanda hii. Stand United, Chama la Wana, ilishuka Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Mwadui FC, iliyopanda kucheza msimu wa 2015/16 na kuwafanya vigogo wa Dar es Salaam wasafiri hadi kwenye uwanja wa mgodini, ilishuka msimu wa 2020/21. Geita Gold ilikuja kwa kishindo msimu wa 2021/22, ikamaliza ya nne, na straika wake George Mpole akachukua kiatu cha ufungaji kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Misimu miwili baadaye, 2023/24, nayo ikashuka.

Klabu ikishuka, haishuki peke yake. Inashuka na kikosi cha vijana, na posho ya mazoezi, na ile sababu ya dogo kulala mapema. Beki wa pembeni mwenye pumzi ya kupanda na kushuka anabaki mtaani na miguu yake. Kuna anayekwenda kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, kuna anayepanda bodaboda, na kuna anayefuata mbwa usiku. Huyo wa mwisho ndiye anayecheza kamari kubwa bila kujua.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009 haikatazi Mtanzania kuwinda. Hapo wengi huchanganya. Inachokataza ni kuwinda bila leseni, mahali pasiporuhusiwa, wakati usioruhusiwa na kwa njia isiyoruhusiwa. Mambo manne. Ukikosea moja tu, goli limekataliwa.

Chukua msafara wa kawaida wa usiku kijijini uupime. Mbwa: haruhusiwi kutumika kuwindia. Tochi ya kumulika mnyama: hairuhusiwi. Usiku wenyewe: hauruhusiwi. Nyaya za kutega, mashimo, nyavu na sumu: haviruhusiwi. Kumvizia mnyama kwenye maji ya kudumu ndani ya mita 500: hairuhusiwi. Hata mwenye bunduki na gari zuri hawezi kupiga akiwa ndani ya gari wala akiwa karibu nalo chini ya mita 200. Bila kibali maalumu cha maandishi, kila kimoja kati ya hivyo ni kosa. Vijana wanaotoka na mbwa, tochi na waya usiku wa manane wameshafanya makosa manne kabla hawajaona hata kwato.

Halafu kuna suala la nyama yenyewe. Kwa sheria, mnyamapori ni mali ya umma na kipande chake chochote ni nyara, iwe pembe, ngozi au nyama kwenye sufuria. Kukutwa na nyara za serikali bila kibali kunaingia kwenye orodha ya makosa ya uhujumu uchumi, na marekebisho ya sheria hiyo ya 2016 yanataja kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Dogo wa miaka 19 anayefungwa leo, akitoka ni mzee wa veterani. Na anayekutwa na nyama si lazima awe ndiye aliyewinda. Aliyebeba kwenye bodaboda naye yumo.

RAMANI YA BABU IMEBADILIKA

Kosa la pili la wanaoanza ni kuwinda kwa simulizi. Babu alisema walikuwa wanawinda Biharamulo na Burigi, mjukuu anakwenda. Lakini mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Pori la akiba na hifadhi ya taifa ni vitu viwili tofauti kama eneo la hatari na katikati ya uwanja. Kwenye pori la akiba kunaweza kuwa na uwindaji wa leseni. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote, hata uwe na bunduki ya dhahabu kutoka Geita.

Upande wa mashariki, anayetoka Mwadui akivuka kuelekea Simiyu anakutana na Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Serengeti. Huko kuna vitalu vya uwindaji wa kitalii, ambavyo msimu wake hufunguliwa Julai 1, wakati ule ule timu zinaanza kujipanga kwa msimu mpya. Wanaowinda humo wana leseni, mgao wa idadi ya wanyama, na wako chini ya mwindaji bingwa aliyesajiliwa. Asiye na hayo akiingia, ameingia uwanjani bila kusajiliwa.

Na Shinyanga yenyewe je? Historia yake inachekesha na kuliza. Katika miaka ya 1920 na 1930 wakoloni na watemi walifyeka vichaka hapa ili kuua mbung'o. Aliyeongoza utafiti huo wa mbung'o Shinyanga, Charles Swynnerton, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama Tanganyika. Vichaka vikaisha, wanyama wakapungua, ardhi ikageuka jangwa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, wananchi walirudisha ngitili zao, zile hifadhi za majani na miti za Wasukuma, na mamia ya maelfu ya hekta yakaota upya. Ndege wakarudi, digidigi wakarudi, na fisi nao wakarudi.

Kwa hiyo digidigi anayeonekana leo nyuma ya shamba hakuja kwa bahati. Kuna wazee walioacha kukata kuni ili arudi. Anayemfuata kwa mbwa anakula akiba ya kijiji kizima kwa usiku mmoja.

FISI SI KISINGIZIO

Mara nyingi utetezi huwa huu: "Tulikuwa tunasaka fisi." Fisi ni tatizo kweli. Mapema 2025 mkoa wa Simiyu ulitikiswa na mashambulizi ya fisi kwa watu, wakiwamo watoto, na askari wa wanyamapori wakaongoza msako ulioua fisi kadhaa. Lakini huo ulikuwa udhibiti wa wanyama wakali chini ya mamlaka, siyo uwindaji wa mtaa.

Sheria inamlinda mtu anayemuua mnyama kwa kujitetea au kumtetea mwenzake. Masharti ni kwamba atoe taarifa, na mzoga si wake. Anayekutwa na swala kwenye kiroba akasema alikuwa akijilinda na fisi, hiyo ni penalti ya wazi. Hata VAR haihitajiki.

ANAYETAKA KUANZA AFANYEJE

Yupo kijana ambaye anapenda kuwinda kwa haki kabisa, kama mwingine anavyopenda ndondi. Huyo asifiche mapenzi yake. Aanzie ofisi ya wanyamapori ya wilaya au ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Aulize mambo matatu: uwindaji wa wenyeji uko wazi kwa msimu huu au la, eneo gani, na mnyama gani yuko kwenye mgao. Silaha nayo ina leseni yake polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Bunduki ya kuazima kwa jirani ni kesi nyingine.

Akishapata ruhusa, ndipo inaanza kazi ya miguu na macho. Mwanzo haufanyiwi kwa nyati. Nyati aliyejeruhiwa anarudi, na harudi kusalimia. Anayeanza aanzie kwa kanga na kwale, kisha swala pala au ngiri kama wako kwenye leseni. Twiga asiguswe kabisa. Ni mnyama wa taifa.

Kiangazi kinampa mwindaji ramani. Kati ya Julai na Oktoba majani yamelala na mabwawa yamebaki machache, hivyo wanyama wanasogea asubuhi na jioni kati ya malisho na maji, na mchana wanajificha kivulini. Kwa kuwa maji yenyewe hayaviziwi, mwindaji anasoma njia: kwato zinaelekea wapi, kinyesi bado kibichi au kimekauka, majani yamekatwa leo au juzi. Kisha anashika vumbi mkononi na kuliachia aone upepo unakokwenda. Mnyama anamjua binadamu kwa pua kabla ya jicho. Anayetembea na upepo mgongoni ni kama beki anayemwambia straika anaruka upande gani.

Na kubwa kuliko yote ni kujizuia. Sheria inakataza kumpiga mnyama mchanga au jike lenye mtoto, na inamdai aliyejeruhi mnyama amfuate ammalize. Kwa hiyo risasi inayosubiriwa ndiyo risasi nzuri.

HATA MAREKANI KWA DUBU

Huko Amerika Kaskazini mnyama ambaye wawindaji wengi wapya humwota ni dubu mweusi. Filamu zinaonyesha jamaa na bunduki na mlima, basi. Ukweli ni wa karatasi na subira. Anayeanza kwa kawaida anapita kwenye kozi ya uwindaji, anafaulu mtihani, anakata leseni na kupewa kibali cha dubu mmoja kwa msimu uliopangwa.

Halafu anatafuta chakula cha dubu, siyo dubu mwenyewe: majani machanga baada ya baridi, matunda ya porini kiangazi, mbegu za mialoni vuli. Anakaa mbali na darubini, upepo ukimpiga usoni, kwa sababu pua ya dubu ni kali ajabu. Akimwona, hapigi hapo hapo. Anasubiri dakika kadhaa aone kama kuna watoto nyuma yake, maana maeneo mengi yanakataza kumpiga jike lenye watoto. Na akishamwangusha, kwenye majimbo mengi lazima atoe taarifa, na mengine yanadai jino lake ili wataalamu wajue umri na kupanga mgao wa mwaka unaofuata.

Pima hilo na msafara wa mbwa na tochi. Tofauti haiko kwenye utajiri. Iko kwenye kuhesabu. Wenzetu wanawinda na dubu bado wapo, kwa sababu kila aliyekufa ameandikwa.

WASUKUMA HAWAKUANZIA GIZANI

Wala huu si utaratibu wa kigeni. Wasukuma walikuwa na vyama vya uwindaji vyenye nyimbo na ngoma zao: Bayege waliowinda tembo, Banunguli waliowafuata nungunungu hadi ndani ya mashimo, na Bayeye walioshika nyoka. Hakuna aliyeamka asubuhi akajiita mmoja wao. Mgeni aliingizwa chamani, akafundishwa na waliomtangulia, akajua dawa, miiko na zamu yake. Ilikuwa akademi kabla neno akademi halijafika Shinyanga.

Kilichokufa ni chama. Kilichobaki ni mbwa na tamaa.

KLABU ZIAMKE

Hapa ndipo viongozi wa soka wanapoingia. Klabu za kanda hii zinajua majina ya vijana wao, zinajua nani amekosa mazoezi ya asubuhi na kwa nini. Somo la nusu saa kutoka kwa ofisa wanyamapori kabla ya bonanza halina gharama. Na kwenye mapori ya kanda hii na jumuiya za hifadhi kama Makao, wilayani Meatu, kunahitajika askari wa vijiji wanaojua kukimbia, kusoma njia na kulala nje. Sifa hizo beki wa Mwadui anazo tayari.

Waandaaji wa mabonanza nao wana deni. Nyama ya kusherehekea ushindi itoke kwenye zizi au kwenye bucha la nyamapori lenye kibali, kama kanuni za 2020 zinavyoruhusu. Isitoke kwenye kiroba kilicholetwa saa tisa usiku na mtu asiyetaka kuulizwa.

Klabu iliyoshuka daraja inaweza kupanda msimu ujao. Kijana aliyehukumiwa miaka 20 hana mechi ya mtoano.