Kimbilio na hifadhi si neno moja

NENO NA MJI
Na Kasongo Mwilambwe

Reli inayotoka Lubumbashi na Likasi hugawanyika mjini Tenke, Katanga, nchini Kongo. Tawi moja huenda Kolwezi na Dilolo, likavuka mpaka hadi bandari ya Lobito, Angola. Jingine hupanda Bukama na Kamina kuelekea Kasai. Njia panda hiyo ilitimia mwaka 1931, na misukosuko mingi ya Katanga imepitia hapo.

Msukosuko wa mwaka 1992 haujasahaulika. Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, alipochaguliwa waziri mkuu mwezi Agosti, watu wa asili hiyo walianza kufukuzwa Likasi, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Maelfu walilala stesheni, wengine shuleni na makanisani, wakingoja treni. Wapo waliofia hapohapo, na wapo waliofia njiani. Stesheni ilikuwa kimbilio lao.

Neno hilo lina siri yake. Shina ni kimbia. Likipata kiambishi cha kutendea huwa kimbilia, yaani kukimbia kwa kulenga mahali au mtu. Kisha -o ya mwisho hulifanya nomino, kama chimba lilivyozaa machimbo na kaa likazaa makao. Mkimbizi, ambaye Katanga ni mukimbizi, ni ndugu yake wa tumbo moja. Ukilichambua kimbilio hukuti ukuta, mlango wala paa. Unamkuta mtu mbioni na upande anaoelekea, basi.

Hifadhi ni la ukoo mwingine. Limetoka Kiarabu, na asili yake ni kutunza na kulinda. Ndiyo maana mtu husemwa amehifadhi Kurani. Hifadhi haiwi hifadhi bila mwenye kuhifadhi. Kimbilio huwa kimbilio hata kama hakuna anayelilinda.

Basanga, wenyeji wa Tenke na Fungurume, waliijua tofauti hiyo mapema. Zama za dola ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, chifu wao Mulume Niama alipambana na askari wa Force Publique, jeshi la dola hiyo, waliokuwa na mizinga, akaua ofisa mmoja na kujeruhi askari watatu. Kisha yeye na watu wake wakaingia katika pango kubwa liitwalo Tshamakele. Askari wakawasha moto kwenye milango yake mitatu ili moshi uwatoe. Baada ya wiki moja akatumwa mjumbe kuwataka wajisalimishe, wakakataa. Moto ukawashwa tena na pango likazingirwa miezi mitatu. Askari walipoingia walikuta maiti 178. Wakaporomosha ardhi juu ya pango, lisije likawa kaburi la mashujaa.

Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilitumia neno kimbilio katika kitabu cha Hesabu: miji sita ya makimbilio, ya mtu aliyeua bila kukusudia. Lakini miji ile ilikuwa na sheria. Mlipiza kisasi hakuruhusiwa kumgusa aliyekimbilia humo kabla hajasimama mbele ya kusanyiko na kuhukumiwa. Hapo kimbilio lilikuwa limepewa mhifadhi.

Katika Lualaba, jimbo lenye Tenke na Kolwezi leo, mwenye mhifadhi ni shaba. Ina uzio, walinzi na hati. Juni 2019 wanajeshi walipelekwa mgodi wa Tenke Fungurume kuwaondoa wachimbaji wa mikono. Mwezi huohuo, karibu na Kolwezi, machimbo ya kampuni ya KCC yaliwaporomokea wachimbaji wa namna hiyohiyo, na serikali ya jimbo ikatangaza vifo 43. Wanaotolewa shimo moja hukimbilia jingine, kwa sababu tumbo halingoji.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikwisha kutaja maeneo maalumu ya uchimbaji wa mikono. Kwa hiyo dawa ipo katika maandishi. Kinachotakiwa ni maeneo yenye madini ya kweli, yaliyopimwa, yenye hati na mkaguzi wa mashimo, na yafunguliwe kabla askari hawajatumwa. Kumwambia mtu aondoke bila kumwonyesha pa kwenda ni kumfanya mukimbizi katika ardhi ya babu zake.

Siku tangazo jingine la kuwahamisha watu litakapobandikwa Tenke, wenyeji na machifu wao waulize kabla ya kufunga mizigo: huko tuendako nani atatuhifadhi, na kwa karatasi ipi?