Tulipika, lakini barabara ilikuwa bado imefungwa



Jumamosi iliyopita hatukubeba mabango. Tulibeba sufuria. Saa kumi za alfajiri dada zetu wawili walikuwa wamekwisha kuwasha babula kwenye kiwanja tulichoazimwa kule Ndosho. Ilipofika saa tatu, waendesha baiskeli wa kwanza wakatokea, vumbi mpaka kwenye kope. Ugali ulikuwa unasongwa, maharagi yameiva, sombe inachemka, na pembeni sambaza za Kivu zinakaangwa. Walikuwa wametoka Rond-point Tshukudu, wakapita Katindo, wakaenda mpaka Mugunga, wakageuza. Mtu wa mbio za kweli atasema hiyo si safari. Aje ajaribu kwenye mawe yetu ya volkano, halafu tuzungumze.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila mwendeshaji alitoa kiingilio. Kabla ya siku yenyewe alizunguka kwenye avenue yake akitafuta watu wa kumuahidi franka kidogo kwa kila kilometa atakayoimaliza. Asiye na baiskeli alinunua sahani. Siye tulipika, na kilichobaki baada ya gharama kilikwenda kununua chakula cha familia zilizokimbia vita, wale waliokuwa wanalala chini ya mashiti upande wa Mugunga na Bulengo. Hakukuwa na mfadhili. Mheshimiwa mmoja alituma mtu kutuambia angelipa mchele wote, ila tuweke picha yake mbele ya meza. Tulimjibu kwamba sambaza zinatosha.

Tuliahidi hesabu, na hesabu imebandikwa ukutani palepale Ndosho, risiti kwa risiti. Tulinunua magunia manne ya unga wa mahindi, mawili ya maharagi, bidoni tatu za mafuta na chumvi. Kamati ya akina mama wa kambi ndiyo iliyochagua familia, wakianza na zile zilizokosa majina kwenye mgao uliopita. Tuliuliza chakula hicho kitawafikisha wapi. Mama mmoja akapima gunia kwa macho, akasema kwa nyumba moja ni siku nne, tano kama mtu anajua kubana. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anatupa jibu la hesabu tuliyomuuliza.

Siku nne. Hatutaki mtu yeyote ajifiche nyuma ya picha nzuri za Jumamosi asahau hizo siku nne.

Tumesikia maneno pia, hasa kutoka kwa marafiki wa Birere ambao wametembea nasi miaka mingi. Wanasema: «Sasa mumekuwa ONG? Mulikuwa munasema serikali ndiyo iko na deni yetu, leo munashika mwiko?» Wengine wanauliza: «Hii chakula munapatia batu ba kinga, juu ya nini musipeleke moja kwa moja kwa benye njaa?» Maswali haya si ya kudharau. Tumekaa nayo wiki nzima.

La pili ni jepesi kidogo. Sahani moja ya mwendeshaji iliuzwa kwa bei iliyozidi gharama yake, na ile ziada ndiyo ikawa gunia. Bila sahani, tungekuwa na mifuko yetu tu, na mifuko ya vijana wa Goma munaijua. Lakini tukubali pia kosa letu. Makala ilikula pesa kuliko tulivyopanga, kwa sababu tulinunua dakika ya mwisho, na njia za kutoka Masisi zilipobanwa bei yake mjini ilikuwa haikamatiki. Watoto wa jirani walikuja kusimama kwenye ukingo wa kiwanja wakitazama sufuria, na hatukuwa tumewahesabu. Tuliwapa sahani za volontaire. Tulipaswa kuwafikiria tangu usiku ule tulipokuwa tunachambua maharagi, si wakati macho yao yalipokwisha kutufikia.

Swali la kwanza ni zito zaidi, na ndilo lililotufanya tuandike.

Kati ya waliofika Jumamosi alikuwapo mwanaume mmoja ambaye hakuwa na baiskeli. Alikuja na chukudu tupu. Hakulipa kiingilio na hatukumuomba. Alikuwa amewafuata waendeshaji kutoka Ndosho mpaka Mugunga na kurudi, akisukuma kwa mguu, na vijana wa baiskeli za gia walikuwa wanamcheka mpaka walipoona kwamba kwenye mteremko hawamfikii. Tulimpa sahani. Alipomaliza akasema: «Miye niko mutu wa Kibumba. Mbele ya vita nilikuwa nateremusha mashu na birayi, magunia tano kwa chukudu moja. Goma ilikuwa inakula juu ya hii mbao. Leo niko napanga foleni ya unga.»

Soma tena maneno yake. Mtu aliyekuwa analisha mji, leo analishwa na mji. Mashamba hayajakufa na mikono yake bado ina nguvu, Goma nzima ilimuona Jumamosi. Kilichokatika ni njia kati ya shamba lake na soko letu.

Kivu Kaskazini si jangwa. Udongo wa Rutshuru na Masisi unatoa maharagi, mahindi, viazi, ndizi, maziwa na ile jibini ambayo hata watu wa Kinshasa wanaiulizia. Njaa ya kwetu haikuletwa na mvua. Ililetwa na vita vya M23, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika tena na tena kwamba inasaidiwa na jeshi la Rwanda. Ililetwa pia na vizuizi vya barabarani vya watu wa kila aina ya bunduki, ambako gunia halipiti bila kuacha kitu. Mwezi wa pili mwaka 2024 mapigano yalipofika Sake, barabara za kuingia Goma kutoka Masisi na kutoka Minova zilikatika. Chakula kikapanda mitumbwi na maboti ya ziwa, na watu wakapanda pamoja na chakula.

Munakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaingoja. Makumi ya watu wakafa. Wale wote hawakuwa wamechagua maji. Walifungiwa barabara. Ukitaka kujua njaa ya Goma inafanana na nini, usitazame tu tumbo la mtoto wa Bulengo. Tazama pia lile boti.

Mwaka 2024, katika inchi nzima, watu zaidi ya milioni 25 walikuwa kwenye njaa kali, na zaidi ya milioni 7 walikuwa wamekimbia makwao wakibaki ndani ya mipaka yetu. Magunia manne yetu mbele ya namba hizo ni kama kutema mate ziwani. Tunajua. Hatukupika kwa sababu tunadhani tutamaliza njaa. Tulipika kwa sababu yule mama wa kambi hawezi kungoja mkutano mwingine uishe ndipo awashe moto. Kusitisha mapigano kulitangazwa kuanza tarehe 4 Agosti 2024, na mpaka leo mtu wa Kibumba hajarudi shambani kwake.

Basi hatujawa ONG. Sahani haifuti deni. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula inalindwa. Hiyo ni haki iliyoandikwa, si huruma ya mkubwa. Kwa hiyo tunaendelea kudai, kwa jina na kwa anwani.

Serikali ya Kinshasa na utawala wa kijeshi uliowekwa kwetu kuanzia tarehe 6 Mei 2021 watuambie ni lini barabara ya Sake na Minova italindwa kwa ajili ya raia na mizigo yao, na nani anakusanya pesa kwenye vizuizi vilivyo upande wao. M23 na wanaoisaidia waondoke kwenye mashamba na barabara za watu, bila kutuuzia eti usalama wao. Wabunge wetu waende kambini siku isiyo na kamera. Na wanaogawa msaada wabandike orodha zao wazi, kwa lugha ambayo mama wa kambi anaisoma, kama siye tulivyobandika risiti zetu za chumvi.

Kuna jambo lingine tuliliona, na tunalisema bila kupamba. Tukiandamana kuuliza mambo haya, tunakamatwa. Kuna wenzetu waliolala ndani kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa «Amani». Jumamosi, tukiwa na miiko mkononi, polisi mmoja alitupungia mkono, na mkubwa mmoja wa kartie akatupongeza eti sasa tumekuwa vijana wazuri. Tulimshukuru, tukampa sahani, akalipa. Lakini tulitazamana. Njaa ileile, vijana walewale. Tukiibeba kwenye sahani wanatupigia makofi. Tukiiuliza inatoka wapi wanatupandisha kwenye pick-up. Kila mmoja wetu aliyefurahia makofi yale, na tulifurahi, hatutadanganya, ajiulize yanatununua kwa bei gani.

Halafu tuseme na yale ya ndani ya nyumba. Volontaire walikuwa nusu kwa nusu, wasichana na wavulana. Lakini saa kumi za alfajiri, kwenye moshi, walikuwa wasichana. Wavulana walifika na jua, wakashika simu na kupiga picha, wengine wakaanza kuongoza magari ambayo hayakuwapo. Jioni, sufuria zilizoungua zilikuwa zinawangoja tena dada zetu, mpaka mmoja akaweka mwiko chini na kusema: «Kama hii ndiyo revolution, miye nayijua tangu kwa mama.» Kimya kikaingia. Kisha kaka watatu wakavua viatu wakaenda kusugua. Mouvement inayodai haki barabarani na kuiacha jikoni itachekwa, na itastahili.

Tutapika tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya salongo, kiwanja kilekile cha Ndosho. Wavulana ndio watakaowasha moto. Majina sita yamekwisha kuandikwa na mengine yanangojwa. Makala tutanunua mapema, na babula tutaazima zile zinazobana makala. Sahani za watoto wa jirani zimeingia kwenye hesabu. Kila mtu aje na sahani yake na kijiko chake, maana Jumamosi iliyopita vijiko kumi na mmoja vilikwenda matembezi na havijarudi.

Wenye chukudu hawatalipa kiingilio. Yule wa Kibumba amekubali kuongoza msafara. Ameomba kitu kimoja tu: kwenye chukudu yake iwekwe magunia tano, hata kama ndani ni majani makavu, ili mji uone namna alivyokuwa anaingia.