Unayekodisha mziki kwa spika za zamani, twita zako zinauawa na ampu ndogo

Wadau wa kukodisha mziki Katonga, Ujiji, Kibirizi na mwambao wote, leo nasema kitu ambacho wengine hamtakipenda. Twita zenu haziungui kwa sababu mziki ni mkubwa. Zinaungua kwa sababu ampu ni ndogo na kitufe cha voliumu mmemwachia mteja.

Twita ninayoisema si ile ya mtandaoni. Ni kale kaspika kadogo ka juu kanakotoa sauti nyembamba na kufanya maneno ya MC yasikike vizuri. Spika za Pioneer, Technics au Sansui za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa zikae sebuleni. Nyuma imeandikwa wati 100, mtu anaamini kila kilichomo ndani kinabeba wati 100. Hapana. Nguvu nyingi ya mziki ni besi, inaenda kwenye wufa. Twita ina koili ya waya mwembamba kama unywele, na nyingi hazihimili hata wati 10 zikiingia mfululizo.

Sasa chukua kipindi cha mbalamwezi. Mitumbwi ya dagaa imepumzika, vijana wako nchi kavu, kuna harusi, na mwenye shughuli anataka mtaa mzima usikie. Ampu ya wati 40 inapandishwa mpaka mwisho, sauti inaanza kukwaruza. Watu wanashangilia, wanadhani ndiyo mziki mnene! Kumbe ampu imeishiwa nguvu, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na huko kukatwa kunazaa sauti za juu ambazo hata kwenye wimbo hazimo. Zote zinakimbilia kwenye twita. Ndiyo maana ampu ya wati 100 ikiendeshwa nusu ni salama kuliko ya 40 iliyofika mwisho. Hapa huwa nabishiwa sana, ila waulize mafundi wanaofungua spika zilizoungua.

Halafu kuna hii ya kung'oa kapasita na kuunga twita moja kwa moja "ili ilie zaidi". Inalia kweli, siku mbili. Kapasita ndiyo mlinzi wa mlangoni, inaizuia besi isiingie. Kwenye twita ya omu 8, kapasita ya mikrofaradi 4.7 inaanza kuzuia chini ya hetzi 4,000 na kitu. Ukifunga ya 10 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, umeshusha mpaka kama 2,000, na vitwita vingi vya zamani haviwezi mzigo huo. Rudisha namba ileile iliyokuwepo, na iwe ya aina isiyo na chanya na hasi. Iliyokaa miaka 40 huwa imechoka, ibadilishe hata kama spika bado inalia. Bei yake ni ya soda.

Ila kapasita haizuii ule mkwaruzo wa ampu. Kwa huo, mwambie fundi aunge balbu ya volti 12 ya indiketa ya pikipiki kwenye waya mmoja wa twita, ile ya nyuzi, siyo LED. Mziki ukiwa wa kawaida balbu haina shida. Nguvu ikizidi inapata moto, inawaka, na kupunguza umeme unaofika kwenye twita. Spika nyingi za ukumbini zilitoka kiwandani na balbu ya namna hii ndani.

Kwangu mimi, bei ya mziki lazima iwe na mtu wako wa kukaa kwenye ampu. Asiyemtaka aache amana ya twita mbili, tena ya zile zenyewe, maana ukifunga ya aina nyingine upande mmoja, spika hazilii sawa na ukiuza jozi bei inaanguka. Kuipata nyingine ni kuagiza Kariakoo na kusubiri, na huko nako wakuletee inayofanana.

Huyo mtu wako mwambie maiki ikianza kupiga yowe ashushe hapohapo, asisubiri MC amalize sentensi. Asichomoe waya mziki ukiwa unalia. Wakati wa kuwasha, ampu iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza, hata kama jenereta linaelekea kukata mafuta.