Simu haioni kifua cha mwanao

Mama mmoja aliingia kliniki na mtoto wa miezi minane mgongoni, simu mkononi. Alinionyesha simu kwanza. Usiku wa kuamkia jana yake aliiandikia programu ya akili mnemba kwamba mtoto ana kikohozi, mafua na homa kidogo. Ikamshauri amnyonyeshe zaidi, ampumzishe na aendelee kumwangalia. Akasubiri. Nilipomvua mtoto fulana, kila akivuta pumzi sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani. Ilikuwa nimonia. Tulimlaza, na nashukuru alipona.

Mpendwa msomaji, sikumlaumu mama yule. Hata jibu la simu halikuwa baya kwa maneno iliyopewa. Shida iko kwenye namna programu hizi zilivyoundwa.

Wataalamu wa kompyuta huita programu ya aina hii wakala. Hupokea taarifa, huzipima kwa kufuata lengo ililopewa, kisha hujibu au hutenda. Kisichoifikia, kwake hakipo. Mama hakuandika habari za kifua kwa sababu hakujua kwamba ni jambo la kuandika, nayo programu haikumuuliza.

Mimi si adui wa teknolojia. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliunda programu iitwayo MYCIN ya kumshauri daktari kuhusu dawa za maambukizi ya bakteria. Ilipopimwa kwa taarifa za wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, ushauri wake haukuzidiwa na wa mabingwa. Lakini MYCIN iliuliza maswali mengi kabla ya kushauri, na daktari aliweza kuihoji kwa nini inauliza, ikamweleza. Tena aliyeijibu alikuwa daktari. Wewe usiku uko peke yako na mtoto. Macho na mikono ya programu ni yako.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, mfunue mtoto kifua. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Pumzi zikiwa za haraka, apimwe na mtaalamu siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea sana au kupoteza fahamu, usiulize simu. Nenda kituo cha afya, hata kama ni saa nane usiku. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipata homa, mpeleke bila kungoja.

Nanyi mnaounda programu hizi kwa Kiswahili, nawaomba jambo moja: programu isimtulize mzazi kabla haijamuuliza dalili hizo za hatari, moja baada ya nyingine, kwa maneno anayoyaelewa. Ikikosa jibu, imwambie ampeleke mtoto akapimwe.

Mzazi, simu itumie ukishatoka kwa daktari, ikukumbushe saa ya dawa. Kabla ya hapo, mtazame mwanao.