Kiti cha Mzee Kina Deni

Mzee anayehubiri amani barazani, akasaini karatasi ya posho, kisha jioni akiwa kwenye chungu cha malwa, mrija mkononi, akawaambia vijana wake kwamba wale wa ng'ambo wamezidi, huyo amekikalia kiti asichokilipia. Tunalisema hili kwa wazee wa Buhehe, Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda.

Kiti hicho kina gharama, na wapo walioilipa. Askofu mstaafu Macleod Baker Ochola II wa Kitgum alimpoteza binti yake mwaka 1987 kwa ukatili wa vita vya kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1997 bomu la kutegwa ardhini likamuua mkewe. Angetaka kisasi, nani angemlaumu? Yeye alisimama na Askofu Mkuu John Baptist Odama, viongozi wa Kiislamu na wazee wa Acholi, wakadai waasi wa vita hivyo wasamehewe; wengi wa waasi hao walitekwa wakiwa watoto. Sheria ya Msamaha ikapita mwaka 2000.

Gharama hiyo ililipwa hata mbali na hapa. Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa na baraza la wakuu 44, na mila iliwataka washike kiko cha amani hata mwana akiuawa mlangoni. Mmoja wao, Black Kettle, aliambiwa kwamba bendera ya Marekani ingemlinda. Akaipandisha. Alfajiri ya Novemba 29, 1864, huko Sand Creek, askari wa Marekani chini ya Chivington wakawaua watu wake zaidi ya 100, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Aliendelea kutafuta mapatano hata hivyo. Miaka minne baadaye askari wa Marekani chini ya Custer wakamuua pamoja na mkewe kando ya Mto Washita.

Kwetu hapa Wasamia wana ndugu huku na huku ya Mto Sio, na Tororo bado kuna mvutano wa Wateso na Jopadhola kuhusu kugawa wilaya. Ng'ombe akiibwa, au mpaka wa shamba ukisogezwa, mzee ndiye wa kwanza kubisha hodi kwa jirani, kabla panga halijanolewa. Mwizi akiwa mpwa wake, amtoe. Na alilolisema kwa Kiswahili barazani alirudie nyumbani kwa lugha ya mama, neno kwa neno.

Serikali nazo hazina pa kujificha. Mwaka 2012 Uganda iliacha sehemu ya msamaha katika ile Sheria ya Msamaha ikome, ikairudisha mwaka uliofuata. Katika miezi hiyo, mzee aliyemwambia kijana mwasi atoke porini alibaki na maneno matupu mdomoni. Kwa hiyo mkuu wa wilaya anayemtuma mzee kijijini na ahadi ya serikali, aitie saini kwanza ahadi hiyo, na nakala ibaki mkononi mwa mzee.