Cha bure kisije kikamla mtaji mfanyabiashara wa mpakani

Chukulia mama anayenunua mchele Kahama na kuupeleka Kigali kupitia Rusumo. Jioni, akiwa nyumba ya wageni, anatazama video ya dakika kumi inayoeleza namna ya kujaza cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Asubuhi, akiwa kwenye foleni, anataka kuirudia sehemu inayohusu thamani ya mzigo. Laini yake imeshahamia mtandao wa nchi ya pili, bando alilonunua jana halifanyi kazi, na kwenye kioo cha simu kiduara kinazunguka tu. Pembeni yuko kijana aliye tayari kumjazia fomu kwa malipo. Mama analipa.

Fedha hiyo isingetoka kama angeihifadhi video ile kwenye simu usiku uliopita. Mpango wa kupunguza gharama za simu za kuvuka mipaka, ulioanza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, ulilenga kwanza mazungumzo ya sauti. Upande wa intaneti, mfanyabiashara bado analazimika kuhesabu kila megabaiti. Kuhifadhi video na kuitazama bila mtandao kwake ni hesabu ya biashara, sawa na kufunga chakula cha njiani kabla ya safari.

Ugumu unaanza kwenye kuchagua programu ya kufanyia kazi hiyo. Katika masoko mengi ya mpakani, programu hupita mkono kwa mkono kama pipi. Rafiki anairusha kwenye kundi la WhatsApp, au kijana wa kibanda cha kuweka nyimbo anaiingiza kwenye simu pamoja na filamu. Anayepokea haulizi imetengenezwa na nani wala inaomba ruhusa gani. Inaitwa ya bure, na neno hilo linatosha kumfanya abonyeze “kubali”.

Hapo ndipo hatari ilipo. Simu ya mfanyabiashara wa mpakani ni pochi yake, daftari la wadeni na ofisi yake. Humo mna akaunti ya fedha za simu, na humo huingia meseji zenye namba za uthibitisho. Programu ya kupakua video haina sababu yoyote ya kusoma meseji, kuona orodha ya majina, wala kupewa uwezo wa kuonyesha maandishi juu ya programu nyingine. Inahitaji intaneti na mahali pa kuweka faili, basi. Inayodai zaidi ya hapo inatafuta kitu kingine, na mwenye simu ndiye atakayekilipia. Wahenga walisema rahisi ghali.

Kiswahili chenyewe kinatoa msaada hapa, kwa kuwa kinatenganisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Programu ya bure ni ile isiyolipiwa. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na mtaalamu yeyote anaweza kuyakagua na kuyarekebisha. Ya bure inaweza kuwa inaishi kwa matangazo, au kwa kuuza taarifa za anayeitumia. Huria nayo inaweza kuwa na kasoro, lakini ni vigumu zaidi kuficha wizi mbele ya macho ya wengi.

Mifano ipo. VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi Ufaransa, ni huria na hucheza karibu kila aina ya faili ya video bila matangazo. Kwa simu za Android ipo NewPipe, ambayo haihitaji akaunti na hupatikana kwenye F-Droid, duka la programu huria. Kwa wenye kompyuta ipo yt-dlp, inayoendeshwa kwa kuandika amri. Hii inamfaa zaidi katibu wa ushirika anayewaandalia wenzake kuliko muuza vitunguu aliye safarini.

Lakini kuwa na chombo hakumpi mtu haki ya kuchukua kila kitu. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua video ila pale kampuni yenyewe inapoweka kitufe cha kupakua au inapotoa ruhusa pamoja na mwenye kazi. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kitufe hicho, ingawa video hubaki ndani ya programu yao na simu hudaiwa kurudi mtandaoni kila baada ya muda. Mlango ulio safi kuliko yote ni kupewa faili na aliyeitengeneza video. Kunakili filamu za watu na kuziuza kibandani ni jambo jingine kabisa, na programu huria hailigeuzi kuwa halali.

Kuna pia suala la ukubwa. Wengi hupakua kwa ubora wa juu kabisa halafu wanalalamika kwamba simu imejaa. Video ya maelezo ya dakika kumi, kwa ubora wa 360, mara nyingi huchukua megabaiti 40 au 50 hivi. Kwa ubora wa 1080 inaweza kuzidi mara tatu. Anayetaka kusoma fomu iliyoonyeshwa kwenye picha atafute ubora wa kati, na anayetaka maelezo tu anaweza kuhifadhi sauti peke yake.

Hata hivyo, si haki mzigo wote umwangukie mfanyabiashara. Utaratibu wa biashara uliorahisishwa unamruhusu kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa kutumia cheti hicho rahisi kinachotolewa mpakani. Ni haki nzuri, ila haimfai asiyeifahamu, na maelezo yake hayamfai akiyakosa pale anapoyahitaji. Mamlaka za mapato na Sekretarieti iliyoko Arusha zikitengeneza video za mafunzo, zisiishie kuzipandisha mtandaoni na kuhesabu waliotazama.

Kinachotakiwa hakina gharama kubwa. Kila video ya mafunzo iwekwe pia kama faili dogo la kupakua, ikiwa na tamko wazi kwamba kunakili na kugawa kunaruhusiwa. Iwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mchuuzi wa Busia na dereva wa Mutukula wanaweza kuelewana kwayo. Madawati ya taarifa za biashara mipakani yawe na faili hizo, ili anayefika akiwa na kadi ya kumbukumbu aondoke nazo bila kutumia bando. Nazo zibebe tarehe, maana kanuni hubadilika, na video ya zamani iliyohifadhiwa vizuri inaweza kumpoteza mtu vizuri vilevile.

Hilo likifanyika, nusu ya programu za mashaka zitakosa wateja mpakani, kwa sababu hakuna atakayezihitaji ili kujifunza haki yake. Mpaka wakati huo, vyama vya wafanyabiashara vichague programu moja au mbili zilizokaguliwa, viwaonyeshe wanachama zinakopatikana, na viwafundishe kufungua ukurasa wa ruhusa kwenye simu kabla ya kubonyeza “kubali”. Mama wa Rusumo hununua mchele baada ya kutia mkono kwenye gunia na kuzitazama punje. Programu nayo ikaguliwe hivyo hivyo kabla ya kuingia kwenye simu yenye mtaji wake.